Mchanga Unaouma

Beseni lile nililibeba mapajani kutoka Mchesi mpaka Dzaleka, na njia nzima watu walidhani ni karanga. Nilikuwa nimelifunika kwa kitambaa cha kaki, mabaki ya kaptula za wanafunzi, nikakifunga kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliomba auziwe kikombe kimoja. Nilipomweleza kwa Chichewa changu kwamba ndani kuna wadudu, na kwamba ni wazima, alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akahamia kiti cha nyuma.

Nilijivunia Chichewa changu wakati huo. Hilo nilitangulize, kwa sababu mengine yote yalitoka hapo.

Tulikuwa tumefika Malawi wakati wa vita vya pili vya kwetu, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, tukitokea Uvira. Kwetu nilimaliza sekondari, section ya bio-chimie, yaani biolojia na kemia, na katika mtaa wetu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, watu waliomaliza hawakuwa wengi. Majirani zangu walikuwa wakulima wa Fizi, watu wenye akili zao na mikono yao, lakini ikifika habari ya kusoma karatasi ya ofisi au kusema na Mmalawi, walinitafuta mimi. Kanisani nilitafsiri mahubiri mgeni akija. Jioni nilisikiliza redio kwa Kifaransa na kuwapa watu habari za nyumbani kwa Kiswahili.

Chichewa kilinijia upesi mno. Madzi ni maji, mchenga ni mchanga, nyumba ni nyumba, moto ni moto. Ukiwa na Kiswahili na masikio, nusu ya kazi imekwisha. Nusu nyingine niliijaza kwa kukisia, na kwa kuwa niliowatafsiria hawakuwa na njia ya kunipima, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimekosea. Mke wangu peke yake ndiye aliyekuwa akiniuliza, taratibu, huku anafanya kazi nyingine, kama nilichosema ndicho kilichosemwa kweli. Swali hilo liliniudhi kila mara.

Kazi niliipata Mchesi, mjini Lilongwe, kwenye baraza la mzee Mmalawi aliyekuwa na cherehani tatu na wateja wa sare za shule. Kila mtu alimwita agogo, yaani babu, nami nikamwita hivyo ingawa hakunizidi kwa miaka mingi. Alikuwa mjane. Kwenye kona ya baraza, juu ya kigoda kilichopata jua kutwa, aliweka beseni jeupe la bati lililojaa mchanga mwekundu, na katika mchanga huo waliishi wadudu saba weusi.

Vitabu vya Kiswahili vinawaita mbawakawa. Sisi wa Uvira tulisema bidudu tu, na agogo alisema tizilombo. Hawakuruka. Mabawa yao yalikuwa yameshikana mgongoni yakawa gamba moja gumu lenye vipele, kama kifungo cha koti la zamani, na miguu yao ilikuwa mirefu kuliko mwili ulivyohitaji. Walitembea mchangani mbio, wakasimama ghafla, wakatembea tena, kama watu waliosahau kitu nyumbani. Ukimgusa mmoja aligeuka chali, akakaza miguu yote, akawa maiti. Ukimwacha, baada ya muda alijigeuza na kuendelea na safari yake bila aibu. Agogo aliwapa ganda la karoti, jani la kabichi lililonyauka, pumba kidogo. Sikumwona akiwapa kitu kingine.

Mwanzoni niliona ni upuuzi. Mimi nilikuwa nimeacha nyumbani mbuzi na bata, na hapa mtu mzima anafuga vitu ambavyo kwetu kuku angevimaliza kabla ya chai. Kisha fundi mwenzangu akanieleza. Mtoto wa pekee wa agogo alikuwa dereva wa malori huko kusini kabisa, nchi ya jangwa, ambako mvua inaweza kuruka mwaka mzima na watu wasishangae. Likizo moja alirudi na wadudu hao ndani ya chupa kubwa pamoja na mchanga wao, akamwambia baba yake amtunzie mpaka atakaporudi tena. Akaenda. Tangu hapo hakuna simu, hakuna salamu, hakuna dereva mwenzake aliyemwona. Wadudu wale huishi miaka mingi, na agogo aliendelea kuwatunza kama alivyoombwa. Baada ya kusikia hayo sikucheka tena.

Baridi ilipoanza, ndugu yake agogo akaugua kijijini, na ikabidi aende bila kujua atarudi lini. Alifunga baraza. Nyumbani kwake Biwi wapangaji walikuwa na kuku, kwa hiyo wadudu hawangelala salama huko hata siku moja. Fundi mwenzangu aliwaogopa. Agogo akanikabidhi mimi beseni, akisema mbele ya watu kwamba mimi nimesoma na nitajua la kufanya. Nakumbuka nilivyonyoosha shingo.

Gari la kumchukua lilikuwa limeshawashwa. Dereva alipiga honi, abiria walilalamika, na agogo akatoa kichwa dirishani.

"Mchenga uzikhala wouma, bambo," akaniambia. "Wouma zedi."

Akanyoosha mkono nje, akasugua kidole gumba juu ya vidole viwili, upesi upesi, kama mtu anayefinya kitu kidogo. Nilielewa papo hapo. Wanauma. Wanauma sana. Na vidole vilikuwa vinanionyesha jinsi wanavyofinya. Nikashukuru, zikomo, agogo, nikampungia, na gari likaondoka.

Mke wangu alikuwa anapepeta unga nilipoingia uani. Alifunua kitambaa, akatazama, akafunika tena.

"Tulikimbia bila hata sufuria," akasema. "Leo we unarudia na bidudu."

Nilimweleza habari ya agogo na mtoto wake. Wakati huo jirani yetu alikuwa ameshafika, mtu wa Fizi aliyeimba besi kwenye kwaya na hakuacha kitu kipite bila kukisemea. Aliinama juu ya beseni, mikono nyuma.

"Papa, hii iko mboga ao iko famille?"

"Iko ya mutu," nikamjibu. "Naichunga tu."

"Basi baandikishe ku ofisi. Saba, ni ration ya chakula ya kutosha."

Watoto walicheka, mke wangu naye akacheka, na mimi nikaona ni wakati wa kuwa mkubwa wa nyumba. Nikatangaza kwamba wadudu hao wanauma vibaya na mtu asiwaguse kwa mkono mtupu. Mke wangu aliinama tena, safari hii kwa makini.

"Inauma na nini? Mi sioni meno."

"Mwenyewe alisema."

"Alisema vile kweli?"

Nikamwonyesha vidole, kama agogo alivyonionyesha. Hakuuliza tena. Nilirudi kushona kambini kwa cherehani ya kanisa, na beseni nikaliweka karibu yangu chini ya dirisha.

Dzaleka iko juu, na baridi yake si ya Lilongwe. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye milango, na watu walitoka wamejifunga mablanketi kama mizigo. Asubuhi ya kwanza ya ukungu nilikuta wadudu wote wamejipanga juu ya kilima kidogo cha mchanga, vichwa chini, makalio juu, kimya. Sikuwahi kuwaona wakifanya hivyo Mchesi. Nilichuchumaa nikawatazama muda mrefu, nikifikiri kwa elimu yangu. Hakuna uhai bila maji, mwalimu wetu wa biologie alituandikia hivyo ubaoni mwaka wa kwanza na kutupigia mstari chini yake. Viumbe hawa wametoka nchi ya kiu. Wameinama. Wanaomba.

Nikachota maji, nikanyunyiza mchangani kwa vidole, kama ninavyonyunyizia mboga ya lengalenga bustanini. Wadudu waliyaendea matone. Walikunywa, niliwaona kwa macho yangu wakinywa, na furaha niliyopata ilikuwa kubwa kuliko inavyostahili. Nilimwita mke wangu aje aone. Tangu siku hiyo niliwapa maji kila asubuhi, ukungu uwepo usiwepo, mpaka mchanga ukabadilika rangi. Niliona pia kwamba mchanga ukiwa mzito wanapunguza mbio, na nikajisifu moyoni, kwa sababu mdudu aliyetulia hatauma mtu.

Mke wangu aliwapenda kwa sababu ya sauti. Mmoja wao, sikuweza kujua yupi, alikuwa na tabia ya kugonga ukuta wa beseni kwa tumbo. Tok, tok, tok, kisha kimya, kisha tena. Mara ya kwanza aliposikia alikuwa anakanda unga, mikono imejaa.

"Sikia," akasema. Alisimama hivyo, mikono hewani, mpaka mlio ulipoisha.

Mama yake alibaki Uvira, upande wa Kalundu. Siku ya kukimbia alikataa kuja, akasema magoti yake hayatamfikisha hata barabara kubwa, na akatusukuma tuondoke. Alikuwa na kawaida ya kugonga mdomo wa sufuria kwa mwiko kuwaita watoto waliokuwa wanacheza kwa majirani, na mke wangu alikulia ndani ya mlio huo. Hakunieleza siku ile. Aliniambia baadaye, kwa maneno machache. Lakini kuanzia hapo alihamishia kigoda chake karibu na beseni, akawa anawaletea ganda la kiazi, kipande cha karoti akikipata. Alitamani kumweka mmoja kiganjani. Nilimkataza.

"Ule muzee hana habari ya mutoto wake," akaniambia siku moja. "Iko na hii tu. Papa, tumurudishie yote."

Niliahidi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayeahidi jambo jepesi.

Kisha nikamkuta mmoja amelala chali asubuhi, miguu imekazana. Nilimgusa kwa uzi wa cherehani, hakutikisika. Nilijua wanajifanya, nilikuwa nimewaona Mchesi, lakini huyu alikuwa baridi na maji yamemganda mgongoni, na nilikuwa na suti ya bwana harusi ya kumaliza. Nikamtupa shimoni nyuma ya choo. Mke wangu aliporudi kutoka bombani, ndoo kichwani, alimkuta mdudu anavuka njia. Alimchota kwa kijiko, kwa sababu nilishamwambia wanauma, akaja naye mpaka mbele ya cherehani na kunionyesha. Mdudu alikuwa anazunguka ndani ya kijiko.

Mke wangu alisema nimetupa mtoto wa watu. Nilimjibu kwamba hata daktari angekosea, amrudishe tu ndani, mambo yameisha. Akaenda naye. Jioni nilipotazama niliona sita, nikadhani wa saba amejifukia. Walipenda kujifukia.

Kosa hilo likanipeleka kwenye lingine baya zaidi, la upande wa pili. Kwa kuwa niliaibika kwa kumtupa aliye hai, niliapa kwamba sitadanganywa tena.

Mchanga ulianza kunuka. Ulishikamana kama ukoko wa sufuria, mweusi, na pembeni ukaota utandu wa kijani. Wadudu walitembea kidogo, wakasimama muda mrefu. Mlio wa kugonga ulikoma. Kwenye viungo vya miguu yao ukatokea unga mweupe, nami nikadhani ni unga wa mke wangu. Niliona ni baridi, nikasogeza beseni karibu na jiko. Kisha nikaogopa joto la jiko litawakausha, nikaongeza maji. Nilifanya hivi kwa bidii, asubuhi na jioni. Naandika haya na bado nina hasira, kwa sababu sikuwa mvivu. Mtu mvivu angewaacha wakapona.

Wawili waligeuka chali. Nikasema wanajifanya. Wa tatu akafuata, nikasema vilevile. Nilikataza mtu yeyote kuwatoa. Mke wangu alitandika jamvi mbali na dirisha kwa sababu ya harufu, watoto wakaziba pua, na jirani wa besi alipita akauliza kama mazishi yatakuwa na kwaya. Nilimfukuza kwa maneno ambayo sikumwomba radhi kwayo mpaka alipohamishiwa nchi nyingine. Kila kitu kiliniudhi siku hizo: agogo aliyeniachia mzigo, wadudu wasiosema wamekufa au wamelala, redio iliyotaja Uvira kwa sentensi moja na kuhamia mpira, uzi uliokatika.

"Papa," mke wangu akasema, "hii bidudu bilikufa."

"Inajifanya."

"Geuza moja."

Nilichukua kijiti nikamgeuza aliyekuwa karibu. Mguu ukabaki kwenye kijiti. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema huenda wanaacha miguu kama mjusi anavyoacha mkia.

Mke wangu alifuta mikono kwenye kitenge. Hakupandisha sauti.

"We unasemaka vile kila siku. Hii ilikufa, unakataa. Na mama yangu unaniambiaka iko muzima, redio ilisema Kalundu iko shwari. Ulimuona wapi? Redio ilisema vile kweli?"

Redio haikuwahi kusema Kalundu iko shwari. Ilisema mapigano yamepungua katika baadhi ya sehemu za mkoa, na mimi, nikimtazama jinsi alivyotega sikio, niliongezea mengine. Niliongezea mara nyingi. Sikujua kwamba alikuwa akihesabu.

Tulipopata salamu kwamba agogo amerudi, beseni lilikuwa na maiti sita na mchanga uliooza. Sikutaka mke wangu aje. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akachukua mkoba, akasimama mlangoni kunisubiri. Njiani nilipanga maneno. Kuzizira, baridi. Ningesema ilikuwa baridi ya Dzaleka, na nani angekana baridi ya Dzaleka? Hata halikuwa uongo mzima. Mke wangu alitazama nje mpaka tukashuka.

Agogo alikuwa amekonda. Ndugu yake alikuwa ameshazikwa. Baraza lilikuwa wazi tena, na kwenye kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili kulikuwa na vitambaa vya sare vilivyofuliwa kabla ya kukatwa, vingine vikichuruzika, vingine tayari vinapeperuka. Alitusalimia, akampa mke wangu kiti, kisha akafunua beseni.

Alitia kidole mchangani, akakitoa, akakitazama. Nikaanza.

"Kuzizira, agogo," nikasema. "Ku Dzaleka kuzizira kwambiri."

"Eya," akajibu polepole. "Eya." Bado alikuwa anatazama kidole.

Ndipo mke wangu akasema. Sikuwa nimemfundisha Chichewa hata neno moja. Sikuona haja, nilikuwepo mimi. Alikuwa amekiokota bombani kwa wanawake, akisubiri zamu ya ndoo.

"Madzi," akamwambia agogo. "Amuna anga anathira madzi."

Maji. Mume wangu alitia maji.

Agogo akanigeukia na kuuliza kama ni kweli, maji, mara ngapi. Nikajibu kila siku. Kwa nini? Nikasema waliinama, walikuwa na kiu. Nikasema pia, kwa haraka ya mtu anayetafuta mlango, kwamba nilifuata maagizo yake yote, kwamba niliwaambia watu wa nyumbani wadudu hawa wanauma na hakuna aliyewagusa. Hakunielewa. Nikarudia maneno yake mwenyewe, wouma, wouma zedi, nikasugua vidole kumwonyesha.

Agogo akaondoka kwenye kigoda, akaenda kwenye kamba, akashika pembe ya kitambaa kilichokuwa kinapeperuka. Akakisugua kati ya kidole gumba na vidole viwili.

"Nsalu iyi yauma," akasema. Akashika kile kilichokuwa kinachuruzika maji. "Iyi ayi."

Kitambaa hiki kimekauka. Hiki bado. Aliniambia mchanga uwe mkavu, mkavu kabisa. Alinionyesha kwa vidole jinsi utakavyokuwa, wa kusugua na kumwagika. Lugha ile iliyonipa maji yake, moto wake na nyumba yake bila kunidai kitu ilikuwa imeniachia neno moja lenye sura ya kwetu, na mimi nikaliingia bila kubisha hodi. Kuuma kwao ni kukauka. Kwa kung'ata wana neno lingine, kuluma, na hata mtoto wa Mchesi angeniambia kama ningeuliza.

Nilichokuwa nacho mdomoni kilikuwa ni lile neno la baridi, na halikuwa na mahali pa kwenda.

Mke wangu akafungua mkoba. Alitoa kopo la maziwa ya unga, la zamani, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, akalifungua na kumpa agogo. Lilikuwa na pumba kavu nusu. Juu ya pumba alilala mdudu mweusi chali, miguu imekazana.

Agogo alimmwaga kiganjani pamoja na pumba. Tukasubiri. Fundi mwenzangu aliacha kukanyaga cherehani. Mimi nilisubiri kuliko wote, na nakiri kwamba kwa muda mfupi sikujua ninaomba nini, kwa maana kama huyu naye angekuwa amekufa, basi kosa lingekuwa letu wote wawili.

Mguu mmoja ulinyooka. Kisha mwingine. Mdudu akajigeuza, akasimama, akaanza kupanda kuelekea kifundo cha mkono wa agogo.

"Mi sikujua kitu," mke wangu akaniambia, akiwa anamtazama agogo. "Nilificha tu, usiitupe tena. Umwambie vile."

Nikamwambia vile. Nilitafsiri neno kwa neno, pamoja na kutupa na pamoja na tena, bila kuongeza na bila kupunguza, na ilikuwa kazi ngumu kuliko mahubiri yote niliyowahi kutafsiri. Agogo akacheka kidogo puani. Akamshukuru, zikomo, amayi, kisha akamnyooshea mkono wenye mdudu. Mke wangu alirudisha mkono wake nyuma, akanitazama. Nikasogea kando. Akafungua kiganja. Mdudu alivuka kutoka mkono wa agogo mpaka wake, akapita juu ya mstari wa kidole gumba, akasimama kama kawaida yao, akaendelea. Hakuuma.

Nilitazamia agogo anitukane, anifukuze kazi hata. Badala yake alinishika bega akasema, "Pepani, bambo," neno ambalo Wamalawi humwambia aliyefiwa. Liliniuma, kwa Kiswahili. Mtu ambaye nimemwulia vitu sita alivyoachiwa na mtoto wake ananipa pole mimi. Nilijaribu kumrudishia lilelile, pepani, agogo, na halikusikika vizuri kutoka kwangu.

Aliniweka kazini. Ila tangu siku ile, akinipa maagizo ya kipimo au ya rangi ya kitambaa, alimalizia kwa kuniambia, "Bwerezani," rudia, nami nikarudia kama mwanafunzi mbele ya wateja. Mke wangu alipokuja Mchesi walizungumza wawili moja kwa moja. Yule mdudu mmoja alirudishwa kwenye kona ya jua, katika mchanga mpya ambao agogo aliuchekecha na kuuanika mwenyewe. Mpaka agogo alipochoka na kufunga baraza kabisa, mtoto wake hakuwa amerudi, na mdudu alikuwa bado anatembea. Naye aligonga beseni: alikuwa yule yule wa zamani, au labda alijifunza, sijui. Habari za mama mkwe wangu zilitufikia baadaye sana, kupitia mtu aliyezishuhudia, na hazikuwa zile nilizokuwa nikizitafsiri.

Bado tuko Dzaleka. Watoto wamekwenda mbali, majirani wengi pia. Kanisani siku hizi mgeni akija anatafsiri mke wangu, na akikwama kwenye neno anamwuliza mgeni mbele ya watu wote bila kuona haya. Kiswahili cha nyumbani kwetu kimechanganyika, kama cha kila mtu hapa. Jioni akiwa jikoni, moshi machoni, huniambia, "Papa, angalia kama nguo zimeuma." Sijui kama ananitania. Sijamwuliza.

Natoka uani. Nashika kola ya shati kati ya kidole gumba na vidole viwili, nasugua. Mkono unafanya hivyo wenyewe, kabla sijaukumbuka ule mkono uliotoka dirishani mwa gari. Kisha naita ndani kwamba zimekauka, au bado. Naye hutoka, akifuta mikono kwenye kitenge, akaja kuzishika mwenyewe.